Swali la Pili

Mfanyabiashara wa Kariakoo hakwambii ana sonona. Atakwambia vyuma vimekaza, mzigo umekwama, kichwa kinagonga, usingizi hauji. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na kwa miaka mingi nimewasikiliza watu wa mitaa ya Congo, Sikukuu na Narung'ombe: wenye fremu, vijana wa duka, mawinga, wapagazi, mama lishe. Mtu akinijia na maneno hayo sianzi na maradhi, naanza na daftari. Unadaiwa na nani? Kiasi gani? Rejesho linalofuata ni lini?

Wenzangu wa kliniki hunicheka, eti nimegeuka karani wa kikoba. Sijali. Kariakoo watu wanaishi kwa kuaminiana: unachukua mzigo wa jumla leo, unauza, unalipa Ijumaa. Ukichelewa mara moja, simu zako zinaanza kupokelewa kwa baridi. Ukichelewa tena, jina lako limezunguka mtaa kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana baadhi ya niliowakuta wamekata tamaa kabisa hawakuwa mafukara. Walikuwa na mali dukani ya kulipa walau nusu ya deni. Kilichowaelemea ni aibu.

Wakopeshaji wanalijua hilo vizuri. Mikopo ya kausha damu inadaiwa kila siku, mbele ya wateja, kwa sauti. Ile ya kwenye simu ni mibaya zaidi: programu inachukua majina yote uliyoyahifadhi, na ukichelewa, ujumbe unamfikia mkweo, mchungaji wako, mwajiri wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya namna hiyo yasiyo na leseni. Hatua nzuri, ila aliyekwisha kudhalilishwa mbele ya ukoo wake tangazo halimrudishii usingizi.

Mwezi huohuo, tarehe 16, ghorofa liliporomoka kwenye makutano ya Mchikichi na Congo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Majeruhi walipelekwa hospitali, nchi nzima ikawaombea. Kuna kundi jingine ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote: waliochimba kifusi kwa mikono, waliosikia sauti za wenzao chini ya zege, na wale ambao bidhaa zao zilifukiwa lakini mkopo ukabaki palepale. Kijana mmoja aliniambia akipanda ngazi yoyote miguu inagoma. Kazi yake ni kubeba mizigo kwenda stoo za juu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini mwaka 2022. Unashauri mameneja wafundishwe, kazi ipunguzwe, aliyeugua arudi taratibu. Sina ugomvi nao. Lakini hapa meneja ni nani? Mwenye fremu mara nyingi ana presha kumshinda kijana anayemuuzia, na winga asipoleta mteja leo, leo hiyohiyo hali. Kilichonifaa zaidi kimetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi wa Mbare, mtaa wa soko jijini Harare, wakae na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wachague pamoja tatizo moja na kulitafutia njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili za waliokaa nao zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Daftari langu ni benchi hilohilo.

Hesabu ikishaonekana, nauliza swali la pili: umefikia kufikiria kujiua? Nalitamka hivyohivyo, bila kuzunguka. Watu wanaogopa kwamba utampandikizia wazo; siyo kweli, tafiti zimeonyesha hivyo na mimi nimeona. Wengi hushusha pumzi, kwa mara ya kwanza kuna mtu ameuliza. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake, vitu vya kujidhuru vinaondolewa karibu naye, na tunaongozana hospitali. Muhimbili kutoka hapa ni mwendo mfupi wa bodaboda.

Wanaoona mapema si sisi. Ni jirani wa fremu anayeshangaa mbishi wa bei amekubali bei yoyote. Ni mama lishe anayeona sahani inarudi imejaa. Ni katibu wa kikoba: mwanachama aliyekuwa wa kwanza kufika sasa anamtuma mtoto. Mtu akianza kugawa vitu vyake na kuomba radhi kwa kila mtu, usisubiri kesho.

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na kinatuharibia kazi. Familia ikimleta mgonjwa inatuambia ni ajali. Anatibiwa mwili, anarudi nyumbani bila kuulizwa swali la pili. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Ningependa wabunge wetu waisome hukumu ile.

Kwa sasa nabishana na vikoba. Nimewaomba jina la aliyechelewa lisisomwe mbele ya kikao. Wawili wamtembelee kwanza, wakae naye na daftari lake. Mweka hazina mmoja, mzee wa makamo, alinikatalia: "Sista, ukimbembeleza mdaiwa, mwezi ujao hakuna atakayelipa. Hizi ni fedha za wajane." Hoja yake ina uzito. Tumekubaliana jina lisisomwe na wawili waende. Kuifuta faini ya kuchelewa amekataa katakata, inabaki, na safari hii ya kumtembelea mdaiwa ametaka aende yeye mwenyewe.