Uko wapi, mama? Kusema fasi tuliyo kwa Kingereza



Kuna swali moja ambalo sisi wote tunaliuliza kila siku: uko wapi? Tunamuuliza mtoto aliyechelewa kutoka masomo, tunamuuliza bwana aliye njiani, tunamuuliza dada anayevuka Ruzizi na bidhaa zake. Tangu jamaa zetu walipotawanyika, wengine Kampala na Nakivale, wengine Nairobi, wengine Marekani, Kanada na Australia, wengi wao wanalazimika kulijibu kwa Kingereza. Ndiyo maana katika masomo yetu ya chama tumekaa juu ya jambo hili muda mrefu kuliko mengine.

Tuanze na lugha yetu. Tukisema "niko", mtu yumo na fasi imo, neno ni moja. Kingereza kinataka mtu asimame peke yake mbele, kisha "am", kisha fasi: "I am here." Ile "I" haiachwi. Pia haisemwi mara mbili. Sisi tumezoea kusema "mimi niko", na Kifaransa nacho kinasema "moi, je suis", kwa hiyo wengi wanasema "Me, I am at home." Inatosha "I am at home."

Jambo la pili ni yale maneno madogo. Tunasema naenda sokoni, niko sokoni, natoka sokoni. Ile "-ni" inafanya kazi zote tatu. Kifaransa nacho kinasema "au marché" kwa kwenda na kwa kuwako. Kingereza kinagawanya: unakwenda "to the market", uko "at the market", unatoka "from the market". Kwa hiyo "I am to the market" ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kingereza. Nyumbani kuna desturi yake: "I am going home", bila "to", lakini "I am at home".

Kwa kuchagua kati ya "at", "in" na "on", Kiswahili chetu cha huku kinatusaidia sana. Tunasema "niko mu nyumba" na "niko ku soko". Pale tunaposikia "mu", yaani ndani, mara nyingi Kingereza kitasema "in": "in the house", "in Bukavu", "in Congo". Pale tunaposikia "ku", fasi tunayoionyesha tu kama alama, mara nyingi ni "at": "at the market", "at the border", "at school". "On" ni juu ya kitu: "on the table", na kisiwani pia, "on Idjwi". Vyombo vya safari vinatatiza: aliye ndani ya motokari au taksi yuko "in", lakini aliye ndani ya basi, meli au ndege yuko "on". Mama anayetoka Goma kwa meli atasema "I am on the boat", hata akiwa amekaa chini kabisa kwenye mizigo.

Tofauti ndogo inaweza kuleta machozi. Binti wa mmoja wetu alipata kazi ya usafi katika hospitali moja Kampala. Siku ya kwanza akaandikia jamaa kwa Kingereza, apate kujizoeza: "I am in hospital." Kaka yake aliyesoma Kingereza akawaeleza wazazi kwamba mtoto amelazwa. Mama hakulala usiku ule, na pesa ya duka ikaanza kuhesabiwa kwa ajili ya safari. Aliye "in hospital" ni mgonjwa kitandani; huko Marekani wanasema "in the hospital". Anayefanya kazi au anayetembelea mgonjwa yuko "at the hospital".

Sasa tuje kwenye kupanga maneno. Kwa Kiswahili, "Uko wapi?" na "Niambie uko wapi" ni maneno yaleyale, hayahami. Kwa Kingereza yanahama. Swali ni "Where are you?" Lakini likiingia ndani ya maneno mengine, linapangwa upya: "Tell me where you are." Vilevile: "I don't know where she is." Saa nayo inangojea fasi ipite kwanza: "I was at the market yesterday." Tusiseme "I was yesterday at the market", ingawa Kifaransa kinaruhusu.

Adresi ndiyo yenye uzito kuliko yote. Huku kwetu tunataja avenue, kisha numero, kisha kartie, kisha komine: Ibanda, Kadutu au Bagira. Na mara nyingi tunaongeza "karibu na kanisa, uliza kwa Mama Fulani", na mgeni anafika. Huko ng'ambo, anayepokea telefone ya msaada hamjui Mama Fulani. Marekani na Kanada numero ya msaada ni 911, Uingereza ni 999, Australia ni 000. Jambo la haraka wanalotaka kujua ni fasi uliyo, kwa sababu telefone ikikatika baada ya hapo, bado wanaweza kutuma watu. Numero inatangulia jina la njia, ndipo mji: "I am at 25 Main Street, apartment 3." Mtu akisema kwanza "My child is sick" mara kumi, na fasi haijulikani, dakika zinapita bure.

Kwa hiyo tunawaomba, wamama, wiki hii kila mmoja azungumze na wake walio mbali. Adresi yao iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe karibu na mlango, na bibi na watoto wadogo waweze kuisoma kwa sauti. Na hapa nyumbani tujizoeze wakati wa kupika: mmoja anauliza "Where are you?", mwingine anajibu "I am in the kitchen." Watoto watacheka, na wacheke. Neno lililozoewa kwa kicheko halikimbii siku ya hofu.

Tukutane tena juma lijalo, na kila mmoja aje na sentensi tatu: moja ya "at", moja ya "in", moja ya "on".