Mmetoka Kenya?

Baba hajui kukaa kiti cha abiria. Kabla tufike Thika alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki ambayo haipo. "Mama, punguza," ananiambia. Nimepewa jina la mamake, kwa hiyo huniita mama hata akinigombeza.

Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa dereva wa lori, Nairobi hadi Marsabit na kurudi. Alipeleka unga, maharagwe na mafuta ya kupikia, akarudi na ng'ombe na mbuzi, abiria wakiwa wameketi kwa vyuma juu ya mifugo. Mwaka jana daktari alimwambia ana presha ya macho. Pembeni haoni tena. Anaona tu kile kilicho mbele yake, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Leseni akaifungia kwa droo. Halafu Agosti hii akaniambia, "Kabla hii bomba haijaziba, nipeleke Marsabit."

Mimi ni mtu wa Nairobi. Likizo kwangu ni Diani, ama Naivasha kama mfuko umekauka. Na kusema ukweli, hiyo barabara sikuwahi kuipenda. Ndiyo iliyomchukua. Nikiwa darasa la nne shule ilitupeleka makumbusho ya taifa, tukapangwa mbele ya sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu ajabu, hadi mwaka wa 1970 Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri alindwe na askari. Alikufa 1974. Wenzangu walikuwa wanashangaa. Mimi hiyo stori nilikuwa naijua yote, Baba alishanisimulia. Nilisimama pale nikifikiria: huyu mtu anajua maisha ya ndovu aliyekufa zamani, lakini hajui mwalimu wangu anaitwa nani.

Nanyuki tulipiga picha kwa kibao cha ikweta kama kila mtu. Baada ya Timau na mashamba yake ya ngano barabara ikaanza kuteremka, tukavua majaketi, na kufika Isiolo joto lilikuwa limetungoja mlangoni. "Lami iliishia hapa," Baba akasema. Enzi zake malori yalikusanyika Isiolo, yakaondoka kwa msafara na polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Kutoka hapo ni kama kilomita 250 hadi Marsabit. Ilikuwa safari ya kutwa, mawe na vumbi, gari likiharibika ni siku mbili. Sisi tulikuwa kwa lami laini, Probox ya binamu yangu ikiteleza tu.

Baada ya Archers Post niliona punda milia kando ya barabara. "Wa kawaida ama wa huku?" akauliza. Sikujua kuna tofauti. Nikasimamisha gari, nikaligeuza hadi boneti ikawaelekea, ili waingie kwa bomba lake. Akanyamaza kidogo. "Wa huku. Angalia masikio, makubwa na ya mviringo. Milia myembamba. Tumbo jeupe." Ni punda milia wa Grevy. Duniani wamebaki kama 3,000 tu, na wengi wao wako hapa kaskazini mwa Kenya. Nina miaka 27 na nilikuwa naona mmoja kwa mara ya kwanza. Tangu hapo tukaendelea hivyo: mlima wa Ololokwe, geuza gari. Twiga wenye madoa kama vigae, geuza gari. Waliotupita kwa matatu lazima walidhani tumepotea.

Sereolipi tuliingia kwa kibanda cha chai. Mama aliyetuhudumia akaangalia namba ya gari, akauliza, "Mmetoka Kenya?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na sikuona dharau yoyote usoni mwake. Baba akamjibu kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida: "Ndio, tumetoka Kenya. Lakini huko hawana maziwa kama haya."

Nilikunywa hiyo chai nikipiga hesabu. Mwaka wa 1970 serikali ilijua njia ya kufika Marsabit, ikapeleka askari kulinda ndovu mmoja. Lami hadi Moyale ilikuja kukamilika miaka ya 2010. Huyo mama ana haki ya kuuliza.

Karibu na Merille Baba akaniambia niegeshe. Palikuwa na laga kavu, mchanga mtupu na miti ya miiba. "Novemba 1997," akasema. "El Niño. Maji yalikuwa yamejaa kutoka huku hadi kule. Tulilala hapa siku tatu, malori zaidi ya kumi. Nilipofika Isiolo nikapiga simu kwa kibanda, nikaambiwa umezaliwa jana yake."

Maisha yangu yote Mama alikuwa akisema nilizaliwa Baba akiwa barabarani. Nilidhani barabarani ni neno tu, kama vile kusema hayupo. Kumbe ni mahali. Kuna mchanga na miiba, na mtu alikaa hapo akiangalia maji yashuke.

Hapo ndipo nilipomwambia kuhusu ile siku ya makumbusho, na hasira niliyobeba. Hakujitetea. Alisema tu, "Ulikuwa na haki," akafunga mkanda.

Marsabit tulifika jioni, na asubuhi tukaamkia ukungu. Baada ya jangwa lote lile, unaingia msitu mzito, miti ikidondosha maji. Huku ndiko Ahmed alikoishi. Ziwa Paradise lilikuwa na maji kidogo, nyati wachache ukingoni, na ndovu hakuna. Tulikuta kinyesi chao tu njiani, kibichi. Niligeuza gari likaelekea ziwa, nikazima injini.

"Unaona nini?" akaniuliza. Nikamwelezea kila kitu, kutoka kushoto hadi kulia.

Tulikaa kitambo. Kisha akauliza, "Huyo mwalimu wa darasa la nne. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia hilo jina mara mbili polepole, kama mtu anayeshika namba ya simu.