Nyumba ya Waturuki Mjini Venice

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Venice, mji wa Italia ambao njia zake ni mifereji, na nyumba zake zimejengwa juu ya magogo yaliyokitwa topeni. Wageni huenda kutazama makanisa na majumba ya fahari. Sisi tulitaka khasa kuiona nyumba moja ukingoni mwa Mfereji Mkuu, iitwayo Fondaco dei Turchi, yaani Bohari la Waturuki.

Jumba hilo ni la karne ya 13. Mwaka 1621 serikali ya Venice iliwapa wafanya biashara Waislamu wa Dola ya Uthmania wakae humo na kuweka mali zao. Mlikuwa na maghala, vyumba vya kulala, hamamu, na mahali pa kusalia. Lakini usiku lango lilifungwa kwa amri ya serikali, wala wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Je, huo ulikuwa ukarimu au kifungo? Kwa maoni yetu yalikuwamo yote mawili: Venice iliiogopa dola yao, na biashara yao iliitaka. Nao, mbali na jamaa zao, katikati ya milio ya kengele, walikuwa na pahala pa kuelekea Kibla.

Wafanya biashara hao walikaa humo hata mwaka 1838. Baadaye jumba lilijengwa upya, na tangu 1923 ni makumbusho ya viumbe. Watoto watafurahi kuiona mifupa ya mnyama mkubwa wa kale aliyechimbuliwa katika jangwa la Niger. Atakayejaliwa kufika na ashuke gati ya San Stae. Nyumba i karibu.