Safari ya Ishango

Katika mji wa Butembo alikaa fundi mmoja wa cherehani, pamoja na mkewe, watoto wao watatu, na baba yake mzee. Yule mzee alizaliwa Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, na katika ujana wake alivua samaki huko. Sasa macho yake yalianza kuingia ukungu. Jioni moja alimwambia mwanawe: "Natamani kuliona ziwa mara moja tena, kabla macho yangu hayajafungwa."

Fundi akajibu: "Vema, Baba. Likizo ya mwezi wa saba ikifika, tutakwenda sote mpaka Ishango."

Watoto, mwajua Ishango ni wapi? Ni pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga. Mbuga hiyo iliwekwa mwaka 1925, nayo ni ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Pale Ishango ukingo ni mrefu na mkali. Chini yake pana mchanga, na juu ya mchanga hutua mwari na mnandi wengi. Viboko hukaa majini mchana kutwa. Mawingu yakiondoka, upande wa kaskazini huonekana milima ya Ruwenzori yenye theluji. Nayo maji yanayotoka hapo hushuka mpaka Ziwa Albert, huingia katika Nile, na mwisho hufika Misri na baharini.

Mtoto mkubwa alileta ramani. Aliweka kidole kimoja juu ya Butembo na kingine juu ya Ishango, akasema: "Kumbe ni karibu, Baba!"

Fundi akacheka. Alikata uzi, akaulaza juu ya barabara kubwa: kwanza kwenda kaskazini mpaka Beni, kilometa 54, toka Beni kugeuka mashariki na kuvuka Semliki mpaka karibu na Kasindi, kilometa 80 hivi, ndipo kushuka kusini mpaka ziwani. Alipounyosha ule uzi, ulikuwa kama mara tatu ya njia ya ndege. "Kunguru huruka," alisema, "sisi tutazunguka."

Basi akafungua daftari, akaandika yote yaliyohitajiwa: nauli ya watu sita, chakula cha siku tatu, maji ya kunywa, barua ya kuomba ruhusa kwa wakubwa wa mbuga. Mama akaongeza: "Hapa Butembo ni juu, tunavaa sweta. Kule ziwani ni chini na kuna joto. Andika nguo nyepesi, na vyandarua kwa ajili ya mbu."

Babu naye alikuwa na neno lake. "Wajukuu wangu, kiboko si ng'ombe. Mchana yumo majini, usiku hutoka kula majani. Msisimame kati yake na maji, maana akishtuka hukimbilia majini, naye hamwangalii aliye mbele yake. Lakini msimchukie. Mavi yake hulisha vijidudu vya majini, na vijidudu hulisha samaki. Wakati wangu viboko walijaa, na nyavu zetu zilijaa."

Mzee alisema kweli. Karibu mwaka 1975 mbuga ile ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Watu waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, hasa wakati wa vita, hata mwaka 2005 hawakufika 1,000. Samaki nao wakapungua.

Binti wa pili alitaka kwenda kwa sababu nyingine. Mwalimu wake alikuwa amewasimulia habari za mfupa wa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale akaupata mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizochongwa kwa mistari. Umri wake ni miaka 20,000 hivi, na leo umewekwa Brussels. Mstari mmoja una alama 11, 13, 17 na 19. Mwingine una 11, 21, 19 na 9. Binti alijumlisha mara mbili: kila mstari ulikuwa na 60. "Baba," alisema, "watu wa Ishango walihesabu kabla yetu!"

Miezi mitatu fundi alishona sare za shule mpaka usiku. Fedha zikapatikana. Akamlipa dereva nusu ya nauli.

Ilipobaki wiki moja, alikwenda sokoni kununua chumvi. Alimkuta mama mmoja muuza samaki, aliyepanda kutoka ziwani, akamwuliza habari za njia. Mama akashusha sauti: "Baba, njia si nzuri. Tulingoja siku mbili askari watusindikize. Lori lililotutangulia lilipigwa risasi."

Neno hilo halikuwa geni. Tangu mwaka 2014 watu wenye silaha wameua raia wengi katika nchi ya Beni, na mara nyingi katika barabara ya Kasindi magari yamelazimika kwenda kwa msafara. Fundi alimwendea dereva. Dereva akasema: "Watu wanapita kila siku. Ukiogopa, utazeekea nyumbani."

Fundi akamjibu: "Waliofika ndio wanaosimulia. Ambao hawakufika, nani atawauliza?"

Akaacha safari. Dereva hakurudisha fedha zote.

Jioni ile fundi aliwaambia watu wa nyumbani. Mtoto mdogo alilia. Fundi alimtazama baba yake, akashindwa kusema zaidi, kwa kuwa alijua macho ya mzee hayatangoja miaka mingi.

Babu alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa mvuvi. Asubuhi nyingine wenzangu walisukuma mitumbwi, nami nikautazama upepo nikabaki ufukoni. Walinicheka. Wengine wao hawakurudi. Kama ningalikwenda nao, wewe usingalizaliwa." Akamvuta mjukuu mdogo karibu naye, akaanza kumsimulia jinsi mwari wanavyoshuka majini wakati wa alfajiri.

Daftari halikutupwa. Mahali pa mwisho fundi aliandika: "Njia: kuuliza tena." Na kila wiki, siku ya soko, humwendea yule mama muuza samaki na kumwuliza habari za njia.

Watoto, kuhesabu fedha na siku ni vema. Lakini hesabu ya safari haijatimia, usipohesabu na kurudi nyumbani.

MAULIZO
1. Kwa nini uzi wa fundi ulikuwa mrefu kuliko njia ya ndege?
2. Kiboko huwasaidiaje wavuvi?
3. Jumlisha alama za mistari miwili ya mfupa wa Ishango. Je, binti alihesabu sawasawa?
4. Kama ungekuwa fundi, ungemjibu dereva nini?