Moshi Unaoingia Nyuma ya Pikapu



Katika mkoa wetu wa Mara pikapu ni gari la kila shughuli. Ndiyo inayochukua dagaa kutoka mwaloni Musoma, ndiyo inayobeba pamba wakati wa msimu kule Bunda, na ndiyo inayopeleka masufuria ya harusi, wanakwaya na hata jeneza la marehemu wetu. Tukienda msibani Butiama au kwenye sherehe ya kipaimara, wazee hukaa mbele na dereva, nasi tunapanda nyuma pamoja na watoto, mikeka na vyombo. Mvua ikianza, linavutwa turubai na safari inaendelea.

Mwezi huu tunaandika juu ya bomba la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi. Pengine utasema hayo ni mambo ya gereji, ya akina baba. Lakini bomba likitoboka, anayeuvuta moshi wake kwa muda mrefu mara nyingi si dereva wala mwenye gari. Ni mama aliyekaa nyuma amempakata mtoto. Kwa hiyo ni jambo letu kabisa.

YALIYOTUPATA NJIANI

Tulikuwa watu kumi na wanne, wakubwa kwa watoto, tukitoka Bunda kwenda Butiama kumzika mama mzazi wa mwenzetu. Gari lilikuwa la kukodi. Lilinguruma sana tangu tulipoondoka, lakini magari mengi ya huku hunguruma. Mvua ya masika ilipoanza, turubai likafungwa mbele na pande zote mbili, na nyuma pakaachwa wazi kidogo ili hewa ipite.

Tulipokaribia Kiabakari watoto waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Mmoja akalia kichwa kinamuuma. Mwingine akatapika. Mwenzetu mwenye mimba ya miezi saba akasema haoni vizuri, kisha akamwegemea jirani yake na kuacha kujibu. Yupo aliyesema ni kizunguzungu cha gari, yupo aliyesema ni malaria, na yupo aliyeanza kukemea pepo.

Mama mmoja mtu mzima alichukua mfuniko wa sufuria akaanza kugonga kwa nguvu nyuma ya kichwa cha gari.

"Mwanangu, simamisha gari!"

"Vumilieni kidogo, mama, tunakaribia Makutano."

"Simamisha sasa hivi! Watoto hawa wanalala usingizi usio wao."

Gari likasimama. Tukawashusha watoto mvuani, tukamlaza yule mjamzito kwa ubavu juu ya mkeka mbali na gari. Haikupita nusu saa watoto wakubwa wakawa wanaongea na kuomba maji. Dereva aliinama chini ya gari na akaonyesha kilichokuwepo: bomba lilikuwa limekatika kabla ya kufika kwenye sailensa, katikati kabisa ya bodi, na sakafu ya bodi hapo juu ilikuwa na matundu ya kutu. Alisema mwenye gari anajua, na kwamba mahali hapo palikuwa pamefungwa kwa bati na waya, bati likadondoka.

Mwenzetu alipatiwa gari jingine likampeleka hospitali, akapewa oksijeni na kulazwa. Miezi miwili baadaye alijifungua salama, na tulimshukuru Mungu kwa ibada. Yule mama mtu mzima alipoulizwa alijuaje, alijibu kwamba miaka mingi nyuma aliwahi kuona nyumba ya jirani ambamo watu walilala na jiko la mkaa, madirisha yote yamefungwa. Dalili zilikuwa zilezile.

JIKO LA MKAA NA INJINI

Alisema kweli. Sisi wote tumefundishwa na mama zetu kutokulala na jiko la mkaa chumbani. Gesi inayoua pale na gesi inayotoka kwenye injini ni moja, nayo huitwa kaboni monoksaidi. Hutokea kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile harufu ya moshi wa gari tunayoisikia ni ya vitu vingine vilivyochanganyika nayo, kwa hiyo harufu ikiwa ndogo haina maana kwamba sumu ni ndogo.

Damu yetu hubeba oksijeni kwa himoglobini. Gesi hii huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, kumbe damu imejaa mzigo usiofaa, na ubongo na moyo vinakosa hewa. Kwanza kichwa huuma, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, usingizi mzito, kuzimia, na mwisho kifo.

Watoto hupumua haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema. Mwenye upungufu wa damu na mwenye ugonjwa wa moyo wako katika hatari zaidi. Na mjamzito ana wawili wa kulinda: gesi hii hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, na huko hukaa muda mrefu kuliko katika damu ya mama. Mama anaweza kuona amepata nafuu huku mtoto tumboni bado anataabika.

Jambo hili si la mkoa wetu peke yake. Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Seattle, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 68 waliotibiwa kwa sumu ya gesi hii. Kati yao, 20 waliipata wakiwa wamepanda nyuma ya pikapu. 17 walikuwa ndani ya bodi iliyofunikwa kwa kifuniko kigumu, na watatu chini ya turubai. Kumi na watano walipoteza fahamu, na mmoja alifariki. Katika magari yote hayo, ama bomba lilikuwa na tundu ambalo watu walilijua, ama lilitolea moshi nyuma ya gari badala ya ubavuni. Someni tena maneno hayo: tundu ambalo watu walilijua.

Wengi hudhani kuacha turubai wazi kwa nyuma kunaleta usalama. Gari linapokwenda, hukata hewa kwa mbele, na kule nyuma panabaki utupu unaovuta hewa kuirudisha kwenye bodi. Hewa hiyo hurudi pamoja na moshi. Turubai lililofungwa mbele na kufunguliwa nyuma ni kama mfuko uliotegwa kukinga moshi.

KWA NINI BOMBA HUHARIBIKA

Mafuta yanapoungua hutoa mvuke wa maji pamoja na moshi. Gari la safari fupifupi halipati joto la kutosha kukausha maji hayo, basi yanabaki ndani na kulisha kutu. Nje kuna matope na madimbwi ya barabara za vijijini. Kuna mawe yanayogonga chini, na kuna matuta na mashimo yanayotikisa gari mpaka raba zinazoshikilia bomba zinakatika. Bomba likianza kuning'inia, viungo vyake hulegea, gasketi huungua, na moshi hupata njia ya mkato.

Jirani wa moshi ni moto. Bomba la gari lililokwenda mwendo mrefu lina joto la kutosha kuwasha nyasi kavu likiegeshwa juu yake. Hewa ya moto ikichomoza kwenye tundu huweza kuunguza nyaya au mpira wa mafuta ulio karibu. Sasa fikirini pikapu iliyojaa pamba, au magodoro ya wanafunzi wa bweni, au yenye dumu la petroli kando ya miguu ya abiria. Tena bomba likidondoka barabarani usiku, kijana wa pikipiki anayefuata nyuma hana habari nalo.

Wako wanaosema, "Gari letu ni la dizeli, halina sumu." Ni kweli injini ya petroli hutoa gesi hii kwa wingi zaidi, lakini ya dizeli nayo huitoa. Zaidi ya hayo, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyowasababishia binadamu saratani.

FEDHA NDIYO KIKWAZO

Tuseme ukweli wa nyumbani. Breki zikifa, gari halitoki. Tairi likipasuka, gari halitoki. Lakini ekzosi ikitoboka gari linaendelea kwenda na fedha inaendelea kuingia, kwa hiyo tengenezo lake husogezwa mwezi hadi mwezi. Kuna ada za shule, kuna mbolea, kuna michango.

Mwenzetu mmoja ambaye mume wake ana pikapu alilizungumza jioni baada ya chakula, watoto wakiwa wamelala.

"Baba watoto, mwezi huu tuanze na bomba la gari."

"Bomba halizuii gari kutembea, mama. Tuna ada kwanza."

"Ni kweli. Lakini hao tunaowalipia ada ndio wanaopanda nyuma."

Hakubishana zaidi. Kesho yake alileta nusu ya faida yake ya dagaa, mume akatoa nusu iliyobaki, na kipande kilichooza kikakatwa na kuchomelewa kingine kipya. Alituambia mume wake alinyamaza siku mbili, na siku ya tatu akamwita aje asikie gari lilivyotulia.

Kikundi chetu nacho kilikubaliana jambo moja: hatupakii watoto kwenye bodi iliyofunikwa, hata kama nauli ni nafuu. Limetugharimu. Siku moja pale Musoma dereva alikataa kungoja mvua ipite, akaenda zake, nasi tukasubiri basi tukafika ibada imekwisha. Baadhi yetu walinung'unika, nao wana haki ya kunung'unika, maana kuchelewa msibani kwetu si jambo dogo. Hata hivyo tulifika wote, kila mtoto na mama yake.

KABLA YA KUPANDA

Mwombeni dereva awashe injini mkiwa bado chini, kisha sikilizeni. Bomba zima hutoa mlio wa nyuma, wa chini. Likitoboka mlio hupasuka na hutokea katikati ya gari. Angalieni mwisho wa bomba: linatakiwa lipite ukingo wa bodi, lisiishie chini yake. Angalieni sakafu ya bodi kama ina matundu. Masizi meusi kwenye kiungo ni alama ya moshi unaotorokea hapo. Bati na waya si tengenezo. Msiliguse bomba likiwa la moto, na wakanyeni watoto.

Mkiwa safarini, watu wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, simamisheni gari. Malaria haianzi kwa watu wanne ndani ya robo saa, na mara nyingi huja na homa. Sumu hii haina homa, tena mtu hupata nafuu akishuka kwenye hewa safi. Zimeni injini, washusheni wote, mpelekeni mbali aliyelegea. Aliyezimia alazwe kwa ubavu, asinyweshwe kitu. Maziwa hayaondoi sumu hii, kwani haikuingia tumboni bali mapafuni. Mpelekeni penye oksijeni na mwambieni daktari bila kuzunguka: "Alivuta moshi wa gari." Mjamzito aende hospitali hata kama anasema amepona.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tumeusoma mstari huo pamoja kwenye kikundi, tukaona kwamba Mungu hakungoja mtu aanguke ndipo aagize ukingo. Mwenye gari ambaye ni Mkristo ana ukingo wake wa kuweka, na sisi wake zao na mama zao tunaweza kuwakumbusha kwa upole, na kuchangia tulichonacho.

Jumamosi hii, kabla gari halijaoshwa kwa ajili ya Jumapili, mwombe mume wako au kijana wako akuonyeshe bomba linapoanzia na linapoishia. Liangalieni pamoja injini ikiwa baridi. Kazi hiyo haichukui hata dakika kumi.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu katika safari zote.