Viti vya Pijo ya Marehemu Baba

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Waama, usemi huu ni wa kweli, ila hautuelezi dhahabu hiyo itunzwe vipi ikishapatikana. Je, ifungiwe sandukuni ibaki ilivyo, au ifuliwe upya ivaliwe? Mimi swali hili sikukutana nalo katika ukumbi wa mihadhara. Nilikutana nalo nyumbani kwetu Mukuyuni, kaunti ya Makueni, nilipoishika kazi ya kuitengeneza upya sehemu ya ndani ya gari la marehemu baba.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ambayo Wakenya waliibatiza Pijo. Kwa faida ya wasomaji wachanga, 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, jambo lililoipandisha hadhi machoni pa watu waliozoea barabara za vumbi na makorongo. Aidha, iliunganishwa papa hapa nchini, mjini Mombasa. Yetu ni ile ndefu yenye safu tatu za viti. Enzi zake haikuwa ya baba peke yake. Iliwakimbiza waja wazito hospitalini usiku wa manane, ikawachukua maharusi, ikapeleka maembe sokoni.

Baba alipoaga dunia mwaka 2011, Pijo ilisimama chini ya mwembe. Miaka 12 baadaye, kaka yangu mkubwa alileta mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa na hoja: karo ya wadogo zetu ilidaiwa, na gari lisilokalika halina faida kwa mtu. Mama alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatoa uamuzi: "Mpeni mdogo wenu hadi Krismasi. Likikalika, libaki. Lisipokalika, liende."

Hali ya ndani ilisikitisha. Panya walikuwa wamejenga katika sponji ya viti vya nyuma. Jua la Ukambani lilikuwa limeipasua dashibodi, na kitambaa cha dari kilining'inia mithili ya chandarua. Nilianza kwa kuving'oa viti vyote, kila bolti nikiitia katika mkebe wake wenye alama. Chini ya zulia nilikuta unyevu na kutu. Niliikwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi bati likang'aa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikaacha milango wazi siku tatu. Zulia jipya juu ya kutu ni sawa na kufunika kidonda kisichooshwa.

Viti nilivipeleka kwa fundi mmoja mzee sokoni. Hakukubali tuzichane ngozi bandia kuukuu. Tulizifumua mshono kwa mshono, tukavilaza vipande juu ya ngozi mpya na kuvichora kwa chaki, kwa maana kitambaa kuukuu ndicho ramani pekee ya kitambaa kipya. Springi zilizolegea tulizifunga kwa waya, juu yake tukatandika gunia ili zisiile sponji. Kila foronya ilipokwisha kushonwa, fundi aliianika juani kwanza. Ngozi bandia ikipata joto hulainika, ikavutika na kukaa bila makunyanzi.

Sikutaka, hata hivyo, kuirudisha Pijo kama ilivyotoka kiwandani tu. Mbao za ndani ya milango zilikuwa zimeoza, nami sikupata nyingine. Mama na wenzake wa kikundi cha ususi walisokota nyuzi za mkonge, wakazitia rangi, wakasuka mikeka minne kwa mtindo uleule wa vyondo. Tuliigundisha milangoni, na Pijo ikavaa vazi la Kikamba. Halikadhalika tulifunga mikanda katika viti vyote. Tangu zilipoanza kutekelezwa kanuni za Michuki mwaka 2004, abiria wa nchi hii wanajua kuwa mkanda si pambo.

Kilichotugawanya kilikuwa kiti cha dereva. Tulipokivua kitambaa, sponji ilionyesha bonde lililochimbwa na mwili wa baba kwa miaka mingi. Dada yangu alilia. Aliomba kiti hicho kisiguswe, na hata kaka, aliyetaka gari liuzwe, aliafiki. Mama alikuja sokoni mwenyewe, akaliwekea bonde lile kiganja, akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia fundi, "Mzee, toa. Mume wangu hakutuachia shimo. Alituachia gari." Sponji ilitolewa. Alichoomba ni kipande cha kitambaa cha zamani, ambacho fundi alikishona nyuma ya kiti kiwe mfuko wa kutilia karatasi.

Kwa nini nayaandika haya katika jarida la Kiswahili? Kwa sababu nilipokuwa nikimsaidia fundi nilisikia historia ya lugha yetu. Tunalishika gari kwa usukani, neno lenye asili ya Kiarabu lililotoka katika jahazi. Neno gari lenyewe limetoka Bara Hindi. Dereva na breki vimetoka kwa Waingereza. Hakuna aliyeyaita maneno hayo wageni pale sokoni. Yamepewa ngeli, yamevishwa viambishi, yanafanya kazi. Naam, lugha nayo imetengenezwa kama Pijo yetu: kiunzi cha Kibantu, viti vilivyoshonwa upya, na milango iliyosukwa na wenyeji.

Ndiyo maana sikubaliani kikamilifu na wale wanaotaka kila neno la mtaani ling'olewe, wala na wale wanaodai kuwa lolote lipitalo linafaa. Fundi wangu hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Alikagua kwanza. Kilichooza alikitoa, kilichobeba uzito alikikaza, na kilichokosekana alikitengeneza kwa mali iliyokuwa karibu. Zaidi ya hayo, alikuwa na jina la kila kipande alichokishika, mengine yakiwa ya Kikamba, mengine ya Kiswahili ambayo sijawahi kuyaona kamusini. Niliyaandika katika daftari langu, kurasa 4 kwa jumla.

Krismasi ilipofika, Mama alikaa mbele, sisi tukajaza safu mbili za nyuma, na kaka ndiye aliyeendesha hadi Wote na kurudi. Karo bado tunailipa kidogo kidogo, na hakuna aliyelitaja tena suala la vyuma chakavu. Wanachama wenzangu, mwendapo likizo, pitieni kwa mafundi wa vijijini kwenu mkiwa na daftari. Mzee yule ana zaidi ya miaka 70, na hana mwanafunzi.