Wenzetu wanagombania majaji, sisi tunasomewa majina

Msomaji wangu, hivi unajua kwamba majirani zetu Kenya waliwahi kukaa nchi nzima wakabishana juu ya hereni ya mwanaume? Siyo hereni ya msanii wala ya msela wa kijiweni. Hereni ya mtu aliyetaka kuwa Jaji Mkuu!

Ilikuwa mwaka 2011. Mwenye sikio ni Willy Mutunga, msomi wa sheria, mwanaharakati aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi. Baadhi ya viongozi wa makanisa waling'aka, wabunge nao wakamuuliza maswali ya chumbani ambayo hapa naona haya kuyaandika. Jamaa akawajibu kwamba hereni haivui, hata kama ni kuikosa kazi yenyewe. Kazi akaipata, na hereni akaapishwa nayo.

Lakini hereni ilikuwa bizari tu, mchuzi wenyewe ulianza Januari mwaka huo huo. Kibaki na Raila walikuwa kwenye ile serikali yao ya ndoa ya mkeka, iliyofungwa mwaka 2008 baada ya watu kuuana kwa ajili ya uchaguzi. Katiba yao mpya ya 2010 ikasema Jaji Mkuu wa kwanza chini yake atateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, kisha Bunge likubali. Januari 28 Kibaki akatangaza majina: Alnashir Visram awe Jaji Mkuu, na wengine watatu wa vyeo vikubwa vya sheria na fedha. Raila akasema mimi sikushauriwa. Upande wa pili ukasema ulishauriwa bwana. Si unajua ugomvi wa mume na mke kila mtu ana shahidi wake?

Chama huku, chama kule, magazeti moto. Wanamama wanaharakati wakaenda mahakamani, maana wateule wote wanne walikuwa wanaume. Februari 3 Jaji Daniel Musinga akasema uteuzi ule umevunja Katiba. Spika Marende naye akaukataa, na Februari 22 Kibaki akayarudisha majina yake mfukoni. Ndipo kazi ikatangazwa kama kazi nyingine yoyote, watu wakaomba, wakahojiwa na Tume ya majaji huku televisheni inaonyesha. Mtu na usomi wake anaulizwa deni, hukumu alizoandika, hata hasira zake. Mutunga akapita, na naibu wake akawa Nancy Baraza.

(Siyo kwamba chujio lile halipitishi kitu. Naibu huyo alifika mkesha wa mwaka mpya wa 2012 kwenye jengo la maduka, mlinzi wa kike akataka kumpekua, na hadithi ya pua ya mlinzi kubanwa ikazunguka Afrika Mashariki yote. Jopo likaundwa, likapendekeza aondolewe, na Oktoba 2012 akajiuzulu. Na jopo likaundwa kwa malalamiko ya mlinzi wa getini, jamani.)

Sasa twende nyumbani. Hapa kwetu Jaji Mkuu anateuliwa na Rais, Ibara ya 118, basi. Majaji wa Rufani, Rais anashauriana na Jaji Mkuu. Wa Mahakama Kuu, anashauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Bunge halipigi kura, wala hakuna kikao cha kumuuliza mtu chochote mbele ya wananchi. Sisi tunaletewa taarifa kutoka Ikulu, tunasoma majina, tunaendelea na ugali wetu.

Juni 2025, mwaka wa uchaguzi, ametangazwa George Masaju kumrithi Profesa Ibrahim Juma. Huko nyuma alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, yaani wakili namba moja wa serikali, kabla ya kupewa ujaji. Nairobi jina la namna hiyo lingezungushwa kamati wiki nzima: je, ikija kesi ya serikali uliyoitetea mwenyewe, utakaaje? Pengine angejibu vizuri sana, watu wakapiga makofi. Ndiyo kinachoniuma. Majibu mazuri nayo hatukuyapata, kwa sababu swali halikuwahi kuulizwa.

Nisieleweke vibaya. Kuteuliwa kimya kimya hakumfanyi mtu awe jaji wa ovyo. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, kwenye kesi ya marehemu Mchungaji Mtikila, aliamua kwamba Mtanzania anaweza kugombea bila chama. Naye hakupigiwa kura na mbunge yeyote. Kilichofuata ni Bunge kubadili Katiba ili lango lile lifungwe tena. Hapo ndipo nilipoanza kuona chanzo cha ukimya wetu.

Nikupeleke kidogo saluni. Septemba 1, 2017, Ijumaa, niko Mafiga kwenye kiti nasukwa, televisheni iko ukutani, Nairobi moja kwa moja. Jaji Mkuu David Maraga anasoma kwamba uchaguzi wa Rais umefutwa, majaji wanne kwa wawili. Msusi akaachia msuko katikati.

"Kumbe inawezekana?" akauliza.

Dada mmoja wa chini ya drai akatoa kichwa: "Huyo jaji kawekwa na nani?"

"Na huyo huyo Uhuru, mwaka jana tu."

Saluni nzima kimya. Kisha mama mmoja aliyekuwa anangoja zamu akasema, kwa sauti ya chini kama anamwambia mwanawe, "Hapa kwetu je?"

Hapa kwetu, msomaji wangu, Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yoyote ya kuuchunguza ushindi ule. Mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Haki za Binadamu wa Afrika. Ibara bado ipo. Sasa niambie, nani ataamka alfajiri kugombania kiti ambacho aliyekikalia haruhusiwi kuugusa mchezo mkubwa? Kenya wanang'ang'ania majaji kwa sababu majaji wao wanaweza kumrudisha Rais kwenye sanduku la kura. Marekani vivyo hivyo. Mwaka 2016 Baraza la Seneti lilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland, mteule wa Obama, eti uchaguzi uko karibu. Oktoba 2020 Seneti hiyo hiyo ikampitisha Amy Coney Barrett siku nane tu kabla ya uchaguzi. Aibu? Ndiyo. Lakini wanapeana aibu juu ya watu tisa wenye meno.

Na kelele zina bei yake, tusidanganyane. Baada ya ile hukumu Uhuru aliwaita majaji "wakora" mbele ya umati. Mwaka 2019 Tume yao ikampelekea majina 41 ya majaji, akayakalia karibu miaka miwili, kesi za watu zinarundikana. Juni 2021 akateua 34 na sita akawaruka. Wawili kati ya hao, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa kwenye jopo lililouzima mpango wake wa BBI mwezi mmoja nyuma. Ruto alipoapishwa Septemba 2022, siku hiyo hiyo akawateua wote sita. Wengine wakasema haki imetendeka, wengine wakasema kalipa kisasi kwa kalamu. Mie nadhani yote mawili.

Utasema basi hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi na Washington, mji kasoro bahari yanatuhusu nini?

Mama yangu mkubwa ana shamba la migomba kule Kinole, upande wa pili wa hii milima unayoiona ukishuka Msamvu. Shamba la ukoo, na sisi Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Bibi alipofariki akaibuka mtu wa mjini na karatasi: kauziwa na ndugu fulani. Mama mkubwa alishinda kwenye Baraza la Ardhi la Wilaya, mwenzake akakata rufaa Mahakama Kuu. Atakayeshindwa pale huenda akapanda Rufani, na Rufani ikishasema imesema. Kwa hiyo majina yale tunayosomewa jioni, mama mkubwa hayasikilizi kama habari. Anayasikiliza kama mtu anayesubiri kujua mkwe wake ni nani.

Juzi kashusha ndizi Soko Kuu la Chifu Kingalu, akapita kwangu kunywa chai. Akaniuliza, hao wa huko juu mliwauliza nini kabla hawajakalia viti? Nikamwambia hatuwaulizi. Akaguna. Akanikumbusha mjomba alivyochaguliwa kuwa mkubwa wa ukoo. Walikesha. Wanawake walisema zaidi ya wanaume. Deni lake la pombe lilitajwa, mke aliyemfukuza akatajwa, na yeye kakaa kwenye kigoda anasikiliza. Asubuhi wakamkubali, na mpaka leo akiamua neno la mpaka wa shamba hakuna wa kumwambia hatukujui.

Wazee wa milimani wana sababu ya kuwa hivyo. Enzi za Mwingereza chifu aliyetambuliwa na serikali alikuwa mtawala na hakimu kwa pamoja. Amri ya kulima matuta inapita kwake, ukiikaidi unasimamishwa kwenye baraza lake yeye yeye. Mwaka 1955 Uluguru ililipuka kwa ajili ya matuta hayo. Uchifu wa serikali ulifutwa mwaka 1963, ila mama mkubwa bado anaukumbuka kwa masimulizi ya mama yake, na swali lake la kwanza juu ya mwamuzi yeyote ni lile lile: kawekwa na nani, na nani alimuuliza?

Kesi inasikilizwa mwezi ujao, hapa hapa mjini kwenye Kituo Jumuishi. Kabla hajaondoka kaniagiza nimtafutie jina la jaji, kwao wapi, na watu wanamsemaje. Jina nimelipata, limebandikwa ubaoni. Hayo mawili mengine nimeuliza dirishani, yule kijana wa masjala akanitazama kama nimemwomba namba ya simu.